Nane Niliyoiandika Mimi

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, mlima hauonekani kabisa, na mimi sina hamu ya kula. Chai nimechemsha, imepoa, nimeiacha hapo mezani.

Nafsi inanisuta. Ngoja niandike kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nako ninakuweza.

Kazini kwetu tunahudumia watu wanaoacha pombe na unga. Mimi ni muuguzi, na mojawapo ya kazi zangu ni kuwauliza maswali ya fomu: umelalaje, unaelewana vipi na watu wa nyumbani, unayaonaje maisha yako wiki hii. Kila jibu ni namba. Sifuri ni hali mbaya kabisa, kumi ni njema kabisa. Maana yake mgonjwa ajisemee mwenyewe, asisemewe na mkewe wala daktari.

Sasa, wengi wetu tumesoma shule ambako wa kwanza ndiye bora, wa kumi kaachwa huko. Anakuja mtu kanenepa, anachekelea, ukimuuliza maisha anakujibu "moja". Mwanzoni nilikuwa nawaelekeza upya. Foleni ilipozidi nikaanza kugeuza mwenyewe kimyakimya. Moja naandika tisa, mbili naandika nane. Nikajiona fundi kweli.

Mwezi uliopita akaja Sefu (siyo jina lake). Anaendesha mashine ya kukoboa mpunga Dakawa. Alikuwa na miezi mitatu bila gongo, na kila Alhamisi anafika hata kama barabara ni tope tupu. Siku hiyo shati limepigwa pasi, shikamoo yake ya adabu kama kawaida. Nikamuuliza maisha. Akasema mbili.

Nikaandika nane.

Alirudia, taratibu, kwamba ni mbili. Nikamwambia nimesikia, huku natafuta kalamu nyingine kwa sababu ile ilikuwa inakatakata wino. Usoni sikumtazama.

Daktari alipoiona nane alifurahi, akampunguzia mahudhurio, aje baada ya mwezi. Ndio utaratibu wetu kwa wanaoendelea vizuri. Sefu aliitika tu, akachukua kadi yake akaondoka.

Mwezi umetimia leo. Harufu ilinifikia kabla ya shikamoo. Nikamuuliza kulikoni tena, na niliuliza kwa ukali, Mungu anisamehe. Akanieleza polepole, anaitazama kadi. Kumbe wiki ile mkewe alikuwa amemtumia ujumbe kwamba harudi. Marafiki aliokuwa nao wote ni wa kilabuni, na hao alishaachana nao kwa ushauri wetu sisi. Wa kuongea naye tulibaki sisi tu.

"Nilisema mbili, sista, mkaniambia nisije mpaka mwezi," akasema. "Nikajua mmenichoka."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nikainamia fomu, nikasoma swali kama lilivyo: unayaonaje maisha yako wiki hii?

Akajifuta uso kwa kiganja. Akatabasamu, lile tabasamu la kumridhisha mkubwa.

"Nane," akasema. "Andika nane."

Nikaandika.

Daktari alikuwa kwenye kikao. Alipotoka, Sefu alishaondoka.

Jioni nzima nimelaumu foleni, nimelaumu kalamu, nimelaumu mpaka walimu wangu wa shule ya msingi. Haisaidii. Mtu alijikaza akasema ukweli wake, mara mbili, na mimi kwa ujuaji wangu nikamsahihisha. Sasa nimemfundisha kudanganya. Na sijui wengine wangapi nimewageuza hivyo, fomu zao zimejaa kabatini na kila moja ina mwandiko wangu.

Kesho naanza kwa daktari, kabla hata sijavaa sare. Nitamwambia yote, akitaka kuniandikia barua ya onyo aandike. Kisha naenda Dakawa. Nitamwita Sefu pembeni, mbali na wenzake wa mashineni, nimwambie hatukukuchoka, ni mimi niliyekosea, na Alhamisi yako ipo palepale. Akinitukana nitasikiliza. Naogopa zaidi nisimkute.

Na mimi je, nikiulizwa leo nayaonaje maisha yangu?

Mbili. Na ninamaanisha mbili.