Nyumba Inayomngoja Mtu wa Kilindini

Jumapili, 1 Machi 1964
Mabati yamekwisha! Fundi ameenda zake. Nyumba yangu inang'aa mpaka watu wa soko la Khayega wanasimama kuiangalia. Na mimi? Bado kwa jiko kuukuu, navujiwa. Huku kwetu mke hatangulii kulala nyumba mpya. Mume ndiye huingia kwanza, awashe moto. Na Cleophas wangu yuko Mombasa, anapakua meli Kilindini. Alisema atakuja Pasaka. Haya.

Jumatano, 11 Machi
Redio ya dukani kwa Barnaba — meli zimejaa bandarini, zingine zinangoja nje baharini. Watu wakashangilia. Bandari yetu sasa! Mimi nikamfikiria Cleophas. Nani atampa likizo?

Jioni nikamwambia mama mkwe, Mama Kageha. Hakushangaa. Babake mumewe alipitia Kilindini wakati wa vita vya kwanza vya dunia, kubebea Wazungu mizigo. Gati hazikuwako, anasema, walifikishwa melini kwa mashua. Hakurudi. Ati ile bandari inapenda wanaume wa boma hili. Akaendelea kuchambua mboga. Mama naye! Maneno gani hayo ya kuniambia?

Ijumaa Kuu, 27 Machi
Nimefagia nyumba. Kuni tayari. Ingokho, kuku wa kumchinjia, nimeifunga mguu. Nimemkumbuka, basi. Kitanda hiki cha jikoni ni kipana mno.

Jumapili ya Pasaka, 29 Machi
Hakuja. Amekuja Chrispinus, wa shifti yake. Hakuniangalia machoni. Shemeji pole, meli ni nyingi. Akanipa koti la kazi la Cleophas. Ati Cleophas amesema nilitundike chumbani, nihamie. Ati huu ni wakati wa Uhuru, koti linatosha!

Mama Kageha akapiga kelele. Koti huingizwa kwa niaba ya mtu aliyefia mbali! Nikilitundika, mwanawe amekufa, mimi mjane. Hata akirudi, nyumba hiyo si yake tena.

Cleophas hajui hilo? Amekaa pwani mpaka amesahau kwao?

Chrispinus alipoondoka nikalinusa koti. Nilitafuta jasho lake, nilitafuta grisi. Udi! Koti zima ni udi na marashi. Kuli gani huyu anayefukiziwa nguo? Na nani?

Nimelia. Sasa silii.

Naandika hapa jikoni, koti mapajani. Mvua imeanza. Mama Kageha ameziba mlango wa nyumba mpya kwa mwili wake, analowa, anaita — Navalayo, lete hilo koti nilichome! Navalayo, mwanangu!

Msumari nimeupata.