Mkono Usiojua Kisu

Nyar Alego,

Sijakulilia bado. Hata Uyoma, siku tulipokuzika kwa mume wako, nilisimama macho makavu mpaka wanawake wakaanza kunitazama vibaya. Siwalaumu. Nilikuwa nakula, nalala, naamka, basi.

Niliporudi kwenye kiwanda chetu cha samaki, siri yetu ilitoka wiki ileile. Kila mtu pale mezani alijua mimi ni mzito wa kisu, lakini ni wewe tu uliyejua ni mzito kiasi gani. Miaka mitatu ulikuwa unasukuma minofu yako kwenye trei yangu, msimamizi akigeuka. Sasa trei ikawa inafika kwenye mizani nusu. Msimamizi akaniambia mwezi ukiisha nirudi nyumbani. Nyumbani kwenyewe ni chumba kimoja Nyalenda, na watoto wawili.

Unakumbuka tulivyokuwa tunachagua ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikitolewa, mgongo wazi, tuwapelekee wakaangaji wa Obunga? Nagusa mmoja, naweka kando, nagusa mwingine. Ukawa unanisema: "Adhi, mkono yako haijui kisu, lakini inajua samaki. Si uambie wakubwa?" Nikakucheka. Kugusa samaki na kujua amelala siku ngapi, mama yangu alifanya hivyo kila asubuhi, na jirani zake wote. Nilidhani kazi ni kile kinachokutoa jasho.

Siku chache kabla mwezi kuisha, lori likaingia. Karani akafunua mashavu ya samaki, akaona mekundu, akashika kalamu atie sahihi. Mimi nilikuwa napita na ndoo. Nikabonyeza mmoja tumboni, shimo la kidole likabaki palepale. Sijui nani alinifungua mdomo. Nikasema kwa sauti kuwa hawa ni wa juzi, barafu ndiyo ya leo, na mashavu yamepakwa damu. Wakapasua mmoja. Harufu iliwatoa wote nje, karani akiwa wa kwanza, Mungu amsamehe.

Basi badala ya kunifukuza wamenivisha gambuti, nasimama langoni kupokea samaki. Kisu nimerudisha. Wewe ungecheza mpaka uvunje meza. Mimi nilisema asante, nikauliza chai ni saa ngapi.

Lakini kilichonifanya niandike ni Alhamisi. Mzigo ulifika kutoka Luanda Kotieno, ufuoni kwenu Uyoma, na aliyekaa juu yake ni mume wako. Baba Achieng siku hizi ananunua samaki wa wenzake na kuleta mwenyewe, ili watoto wako wasitoke shule. Akaniita "Shemeji" na kutabasamu. Tangu mazishi sikuwa nimeyaona meno yake.

Nikabonyeza. Nikabonyeza wa chini, wa katikati, wa pembeni, nikitafuta hata kreti moja ya kumwokoa. Hakuna. Walimuuzia waliolala, kisha barafu ikamwishia njiani, na jua la huko unalijua. Msimamizi alikuwa nyuma yangu. Nikasema, "Hapana, Baba Achieng."

Hakunigombeza. Alifunga turubai polepole, akasema, "Marehemu alikuwa anasema mkono yako haidanganyi." Akapanda lori. Mimi nikapokea mzigo uliofuata, na uliofuata huo.

Nyar Alego, niliumia. Ndicho kitu cha kwanza nilichohisi tangu uende, na ni kwa sababu ya kazi uliyonitafutia wewe.

Kesho ni siku yangu ya kupumzika. Naenda Uyoma. Nitasimama ufuoni kabla Baba Achieng hajalipa mvuvi yeyote, nimbonyezee kila samaki, na kila mmoja ambonyeze kwa kidole chake mwenyewe mpaka ajue. Nitafanya hivyo kila siku ya mapumziko. Pengine hataki kuniona. Akinifukuza nitakaa palepale kwenye mchanga mpaka achoke kunifukuza, maana Achieng lazima amalize shule.

Pumzika, dada yangu. Nitapita kaburini kwako nikishuka, na kama machozi yatakuja, utayapokea huko.

Adhiambo wako