Mama Pindo, Mwaka wa Kwanza Cherehani Imenyamaza

Mwaka umetimia, mama, tangu uinuke kwenye cherehani kwenda kunywa maji, ukaanguka mlangoni.

Wateja ndio waliokubandika jina la Mama Pindo, maana hakuna aliyetoka kwako na pindo lililopinda, hata awe na haraka kiasi gani. "Simama wima nikutazame," ulimwambia, pini zimejaa mdomoni. Sketi za watoto wa jirani ulizirefusha bila kuombwa. Ukishukuriwa, ulijifanya mkali.

Ulikuwa na tabia ya kutafuna chaki ya kuchoria vitambaa. Tulikutania mpaka basi. Baba alirudi na lori lake siku moja, akakuletea boksi zima limefungwa utepe. "Mke wangu, hizi za kazi, na hizi za kunywea chai." Ulicheka hadi ukashika mbavu.

Hatukujua kwamba mtu aliyepungukiwa sana na damu anaweza kutamani chaki. Kichwa kilipokuuma, na mkono ukafa ganzi kisha ukarudi, ulisema ni uchovu tu. Daktari alitueleza baadaye: damu yako ilikuwa imepungua mno, na mishipa ya damu ya kwenye ubongo ilikuwa imekuwa myembamba. Mambo hayo mawili wakati mwingine huandamana, alisema, na bado wanachunguza kwa nini. Ubongo ulikosa damu ya kutosha, ukapata kiharusi.

"Kwa hiyo chaki zangu ndizo zilizomuua?" baba aliuliza.

"Hapana, mzee wangu. Ile hamu ya chaki ilikuwa dalili tu, na wengi hawaijui."

Baba alisikia, lakini hajaamini.

Mama, baba ana upweke. Tunakuambia sisi kwa sababu yeye hatasema. Cherehani ameifunika shuka na hataki iguswe. Hupika chakula cha watu wawili, kinachobaki anakila kesho yake. Tumembembeleza ahamie kwetu, tumegonga mwamba.

Simu yako baba huichaji kila anapokwenda safari. Wiki iliyopita binti yako alikuwa anafagia chumba chenu, ikaita, akaipokea. Ni baba, yuko mji wa mbali, ndiyo kwanza ameegesha lori.

"Mama yenu yuko wapi?"

Binti yako aliketi kitandani, ufagio mkononi.

"Basi," baba akasema taratibu. "Mwambie nimefika salama."

"Haya, baba. Nitamwambia."

Unakumbukwa na mumeo, binti yako na mwanao wa kiume, mkweo, dada zako wawili, wajukuu, majirani, na wateja ambao hawajapata fundi mwingine wa kuwakaripia. Hutatutoka moyoni kamwe.

Mama, baba amefika salama.