Chafya ya Dada

Mwenzangu, uko wapi? Soma hii kabla hujaingia kwenye mchujo wa kwaya.

Nimetoka sasa hivi. Nimeumbuka.

Unaikumbuka ile rekodi ya dada yangu, aliyotuimbia sauti ya pili akiwa jikoni? Ubeti wa pili anakatiza, anapiga chafya, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea.

Wiki tatu nimeimba naye. Nikioga, nikipiga pasi. Wimbo umeniingia mpaka kwenye mifupa, pamoja na chafya yake.

Basi leo sauti inatoka kama maji, mwalimu wa kwaya kafumba macho kabisa. Nikafika ubeti wa pili, nikanyamaza. Katikati ya neno. Nimesimama tu.

Mwalimu akafumbua jicho moja. "Umesahau?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa unangoja nini?"

Mdomo ukanitangulia: "Nangoja dada apige chafya."

Chafya. Nimemwambia mwalimu nangoja chafya.

Nikajua ananifukuza. Akaangalia karatasi yake, akauliza taratibu, "Kwani nyote mna dada mmoja? Wewe ni wa nne leo kunyamaza hapo hapo."

Ndipo nikakumbuka kwamba rekodi niliwatumia wote wa sauti ya pili. Kiherehere changu.

Akasema, "Wa tano akinyamaza hapo, nafasi nampa huyo dada."

Orodha nimeiona mlangoni. Sauti ya pili amebaki mtu mmoja.

Ni wewe. Ukifika hapo, pitiliza.