Wakunga Wawili wa Saada

Wambaa, Pemba

Kwa dada yangu Kazija, uliyenilea kwa uji na bakora,

Kabla hujauliza kama ni mzima, jua kwanza unaandikiwa na nani. Unaandikiwa na Pandu, mchumaji karafuu ambaye Pemba nzima haijapata kuona mfano wake. Mkarafuu wanaoukimbia wenyeji mimi naupanda kwa mkono mmoja, wa pili najipepea. Juzi Mudir, mkubwa wa serikali wa wilaya, alipita na gari lake, akalisimamisha, akauliza yule kule juu ni mtu au ni kima. Akajibiwa ni mtu, tena wa Makunduchi, Unguja. Mwenye shamba anasema nikihama, mikarafuu yake itagoma.

Basi mimi ni mzima. Na wewe, kifua kimepoa? Bibi bado anawakimbiza kuku wa jirani kwa mkongojo? Niandikie yote, hata ya uongo, maana huku nikipata neno la kwetu nalitafuna siku tatu.

Barua zako mbili zimefika, na zote mbili umeuliza jambo moja: Saada kajifungua nini, na jina la baba yetu limepata mwenyewe au bado. Nimechelewa kujibu. Usiseme Pandu hajui kuandika. Miaka mitatu ya skuli si haba, na hii naiandika kwa mkono wangu. Dada, alikuwa mwanamme. Alizaliwa hana pumzi. Saada yuhai. Nimelitanguliza hilo usije ukasoma kwa kutumaini.

Mimba ya kwanza huku, kama kwetu, ni ya upande wa mke, kwa hiyo Saada alikaa kwa mama yake, Bi Halima. Mimi nilikuwa dago, kambini kwa wachumaji, nashuka siku moja moja. Na mambo ya tumbo mke wa huku hayasemi na mumewe, humsemea mamake. Hospitali niliitaja mimi, mara moja. Saada akageukia ukutani, hataki kushikwa na daktari mwanamme. Bi Halima akasema yeye mwenyewe alizaliwa chumba kile, na wanawe wote wamezaliwa chumba kile, na nyumba haijaanguka.

Nikasema haya, kama ni nyumbani, iwe nyumbani kwa kishindo. Kijiji cha pili yuko mkunga anaitwa Bi Rehema. Huyo kasomeshwa hospitali, ana mkoba wa ngozi, mkasi wake anauchemsha, na ndiye aliyempokea mtoto wa Mudir. Nilitaka mkono ule ule umpokee na wangu, na watu wa Wambaa wauone ule mkoba ukiingia. Nikampelekea doti ya kanga, sabuni na ubani, kama inavyotakiwa mtu akienda kumkabidhi mkunga mkewe. Hakuligusa furushi. Aliuliza kwanza.

"Kuna mwenzangu keshakabidhiwa?"

"Hakuna, bibi."

Ndipo akalivuta kwake. Akanieleza kuwa mkunga haingii juu ya mkunga mwenziwe, hata aitwe na Mfalme.

Kumbe Bi Halima naye alikwisha mkabidhi Bi Time, kizee wa hapa hapa, aliyempokea Saada mwenyewe alipozaliwa. Miezi mitatu alikuwa akija kumkanda tumbo, mimi niko juu ya mikarafuu.

Siku yenyewe nilikuwa nimeshuka. Uchungu ulianza asubuhi, baada ya chai. Sikumuuliza mtu, nilipanda baiskeli nikaenda kumchukua Bi Rehema, nikampakia nyuma na mkoba wake mapajani, nikawa napiga kengele njia nzima. Tulipofika kisimani, mwanamke mmoja aliyekuwa akiteka maji akasema, mbona tumbo la Saada analo Bi Time. Alishakutana naye hapo hapo, kizee anaitikia wito na mkeka wake kwapani, naye yule mwanamke akamwambia kuwa mkwe wa Bi Halima kaenda kuleta mkunga wa mkoba. Bi Time kusikia hivyo akageuza njia, akarudi kwake.

Bi Rehema alishuka kwenye baiskeli. Hakufoka. Alisema nimwendee mwenziwe, anipe ruhusa kwa mdomo wake, naye atangoja pale pale. Mimba ya kwanza haina haraka. Usidhani ni siasa, dada. Siku hizi huku watu hata maziko hawaendeani kwa ajili ya vyama, lakini wale wawili ni chama kimoja. Ilikuwa adabu tu.

Nilimkuta Bi Time anasuka ukili, hata uso hakuinua.

"Tumbo lile nimelikanda kwa mikono yangu, mwanangu. Leo naletewa ntu wa nkoba. Mkweo hakukwambia?"

"Hakunambia, bibi."

Akauweka ukili chini. "Basi si kosa lako."

Akainuka, akasema atakwenda mwenyewe kumruhusu mwenziwe, na wataingia pamoja. Nikamtaka apande baiskeli. Akasema yeye hapandi chuma. Magoti yake mabovu, na mimi nasukuma baiskeli ubavuni mwake, hatua kwa hatua, kama tunakwenda harusini. Hatujafika nusu ya njia tukasikia sauti ya Bi Halima, anawaita wakunga wote wawili kwa majina. Mbele yetu tukamwona Bi Rehema anakimbia, mkoba unampiga kiunoni. Ruhusa hakuingoja tena.

Mtoto alitanguliza miguu. Kichwa kikakwama, na mle ndani alikuwepo Bi Halima peke yake, mtu wa kuzaa, si wa kuzalisha. Mkono wa Bi Rehema ulipofika, ilikuwa imekwisha. Alimwokoa Saada.

Wale vizee wawili walimwosha mtoto pamoja, mmoja anamimina maji, mwengine anasugua. Mwalimu wa chuo cha Kurani akatwambia kwa kuwa hakulia, hasaliwi. Nilimbeba mimi. Tangu nije Pemba nabeba magunia ya karafuu, na sikujua kuna mzigo mwepesi namna ile.

Siku ya tatu Bi Rehema alirudisha kanga. Siku hiyo hiyo Saada akamuuliza mamake swali moja: kwa nini hukumwambia mume wangu kama umeshamwita Bi Time? Bi Halima akasema alinambia. Saada akanitazama. Nikasema labda mama kasahau, mtu mzima husahau. Dada, mwanamke yule hata arubaini hakuingoja. Alikunja shuka lake akahamia kwenye kibanda changu, na mpaka leo hasemi na mamake. Bi Halima humletea supu kwa mkono wa jirani, nayo hurudi na kifuniko chake. Kisimani wanasema Bi Halima kamuua mjukuu wake kwa kumdharau mkwe wa Unguja. Jana nilipita mbele ya nyumba yake. Kaniamkia yeye kwanza, mimi mtoto mdogo. Nikaitikia, nikapita.

Nisalimie shemeji Ame, mume wako msuka madema, umwambie samaki wa huku ni wanene kuliko yeye. Nisalimie bibi yetu, umbusu mikono kwa niaba yangu. Nisalimie mwalimu wangu wa chuoni, umwambie bado natia irabu pasipo pake. Na mwanao Mize, mpwa wangu, asinisahau sura.

Kama unawasomea watu, dada, ishia hapa. Hili lililobaki soma peke yako.

Bi Halima alinambia. Nilikuwa nimeshuka kutoka dago, nimekaa barazani kwake nakula muhogo alioupika yeye. Akasema, "Pandu baba, Saada nimemkabidhi Bi Time. Ukipata kanga, mpelekee yeye." Nikamjibu inshallah, mama. Kanga nikaipata, nikampelekea Bi Rehema.

Nilijua, dada.

Nduguyo,
Pandu