Carte ya Papa Imepanda Ndege

Yaya Safi, mukubwa wangu mupenzi,

Pokea salamu za Kisangani. Mvua haiachi, na mutoto iko mugongoni siku nzima. Papa, baba yetu, walimupasua, wakatoa ule uvimbe wa kansere kwenye umio, akaamuka muzima. Docteur akanipa kipande cha uvimbe ule ndani ya kichupa nikitume Kinshasa kwa ndege, wakaangalie kama ugonjwa utarudi.

Uwanjani wa ndege, agent wa kukagua wasafiri akauliza, "Nani anasafiri?"

"Ni nyama ya papa yangu, ya kupimwa."

"Papa iko raia?"

"Ndiyo."

"Donc, basi na nyama yake iko raia, na kila raia ni mwanachama. Carte ya chama iko wapi?"

Nilikuwa nimechoka, yaya, sikubishana. Nilitoa carte ya papa mufukoni, ile kadi yake ya chama, nikaifunga kwenye kichupa kwa kipande cha kitambaa cha pagne, nikasimama mpaka ndege ikapaa.

Sasa papa hawezi kupita hata mulango wa hospitali, askari watamuomba carte. Anacheka polepole asivute mishono: "Uvimbe ni mwanachama, mimi ndiye mugeni."

Leo amemeza vijiko vitatu vya uji. Akaomba cha nne, nikamukatalia, docteur alisema vitatu. Amenuna kama mutoto, na mimi nimefurahi kumuona hivyo. Mutu anayenunia uji bado iko na sisi.

Nikumbatilie watoto. Wasiende mutoni peke yao.

Mudogo wako, Mauwa