Kuhusu Waranti ya Pikipiki Uliyotaka Kutulipia

Kwa Dobi,
Nyumba ya pili nyuma ya soko,
Jumatatu, 10 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zetu nyingi, mimi na binti yako Mapepe. Sisi hatujambo, ni mvua tu inayotuonea. Mashuka ya wageni yanakaa kambani kutwa nzima, na jioni tunayaanua na unyevu wake tukayamalizie kwa pasi. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unashuka ngazi upandeupande kama kaa. Natumaini sasa unashuka kama watu. Na Mama hajambo? Bado anakataa kuvaa miwani?

Mimi nipo. Watu wakiniuliza nawajibu hivyo, nipo, nao wananielewa. Asubuhi ndiyo nzito kidogo, kwa sababu ya lile boksi. Unakumbuka ndugu yako alivyokuwa akiingiza pikipiki chumba cha kupigia pasi na kuitandikia boksi chini, ili oili isichafue sakafu? Oili haikuwahi kudondoka. Lakini kila asubuhi alilinyanyua lile boksi akanionyesha, safi, kama mwanafunzi mwenye daftari la vema tupu. Siku hizi Mapepe ndiye anayeitoa pikipiki, na boksi analiacha palepale. Naliinua mwenyewe, naliangalia, kisha naliegemeza ukutani.

Sasa nije kwenye jambo lako. Ujumbe wako tuliupata, Mapepe akanisomea kwa sauti. Unasema waranti ya kiwandani inaisha mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo tukanunue ile ya kuongeza muda, na gharama yote ni juu yako. Ahsante sana, Shemeji. Siku ile nilikunja mashuka hadi jioni nikiwa na neno lako kifuani.

Nisikufiche, mwanzoni nilitaka tuinunue kesho yake. Unajua kazi yetu. Nyumba ya wageni ikicheleweshewa mashuka, mwenyewe haulizi sababu, anatafuta dobi mwingine. Ndugu yako alipokuwepo, pikipiki ilikuwa haijamaliza kukohoa yeye ameshachuchumaa pembeni yake. Sasa ikikohoa, mimi ndiye ninayeishiwa pumzi. Nikadhani karatasi yenye mhuri itanituliza moyo.

Mapepe hakutaka kabisa kusikia. Aliniambia, "Mama, unakwenda kununua mwavuli wenye matundu." Nikamjibu kwamba hata mwavuli wenye matundu unafunguliwa kwanza ndipo unakataliwa. Tukaenda na pikipiki hadi duka lililotuuzia.

Kijana wa mauzo pale dukani ni mpole, mwenye tai na maneno matamu. Alituwekea viti, akatueleza vizuri sana, mpaka mwanao alipoanza maswali yake.

"Cheni ikikatika je?"

"Cheni haimo, dada. Ile ni ya kuchakaa."

"Klachi?"

"Klachi nayo ni ya kuchakaa."

"Betri? Breki? Tairi?"

"Hizo zote, dada yangu, ni za kuchakaa."

"Kwa hiyo, kaka, nyinyi mnalipia vile visivyochakaa."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Lakini yule kijana alicheka, na kusema haki, alijibu la maana: injini na giaboksi vimo, na hivyo vikifa ndipo mtu hukaa chini akalia. Hilo nililishika. Ila kuna sharti. Kila sevisi lazima ifanyike kwenye karakana yao, kwa wakati wake, na asiye fundi wao asiifungue injini hata mara moja. Ukiruka sevisi moja, umejitoa mwenyewe. Nawe unajua umbali, Shemeji. Kutoka kwetu hadi kwao ni kwenda asubuhi na kurudi jioni, na mara nyingine wanakuambia uiache mpaka kesho. Hiyo kesho mashuka niyabebe kichwani?

Nikiwa bado napima, wakasema lazima ikaguliwe kwanza. Akaja fundi wao, mwanamke wa makamo, ovaroli yake imenyooshwa vizuri mpaka mshono (samahani, macho yangu ni ya kidobi). Akachuchumaa na tochi. Akakwaruza kitu kwa ukucha, kisha akainua uso kuniangalia.

"Mama, rangi hii ni ya kiwandani au ya saluni?"

Kumbe kiwandani hupaka alama ya rangi juu ya bolti za injini, ili bolti ikifunguliwa, alama ikatike, ijulikane. Alama zetu zilikuwepo zote, nyekundu, zimekaa mahali pake. Ila zile za kifuniko cha juu zilikuwa zinang'aa kuliko nyingine. Nikainama nikatazama. Shemeji, ilikuwa rangi yangu ya kucha. Ni ile niliyopaka kwenye harusi ya mwanao wa kwanza, baadaye ikapotea, nikamgombeza Mapepe wiki nzima na yeye akiapa kwamba hajaigusa.

Nilianza kucheka. Nilicheka nimeshika tangi la pikipiki mbele za watu, cheko la kwanza tangu tumzike ndugu yako, na katikati yake likageuka kilio, sikujua ni saa ngapi. Yule fundi alitoa kitambaa safi mfukoni akanipa, kisha akageukia tairi, akajifanya analikagua.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile Jumapili. Injini ilikuwa inagonga, ti ti ti, kama mtu anayebisha mlango kwa aibu. Waranti ilikuwa hai, wangeirekebisha bure kabisa. Lakini bure yao ilikuwa ya kuiacha pale siku kadhaa, na wiki hiyo nyumba ya wageni ilikuwa na mkutano, vyumba vyote vimejaa. Ndugu yako akanituma sabuni. Sabuni tulikuwa nayo tele, lakini nilikwenda. Niliporudi nilimkuta simu iko begani, mnanong'onezana, wewe huko na yeye huku, kama watoto wanaoiba sukari. Kugonga kulikuwa kumekwisha. Mikono yake ilinukia oili na kitu kingine nilichoshindwa kukijua. Sasa nakijua. Na wazo la rangi, Shemeji, silioni likitoka kwenye kichwa chake. Yule alikuwa hawezi kudanganya hata bolti. Pale kuna kichwa kingine, na hicho kichwa ndicho kinachosoma barua hii.

Kijana wa mauzo alitaka kutusaidia kwa namna yake. Alisema hilo ni dogo, waandike kwamba iko sawa, nani ataangalia? Fundi akamjibu mbele yetu, "Ataangalia yule wa siku ya madai. Na siku hiyo wewe utakuwa umeshahamia kuuza friji." Kisha akaniambia kwamba njia ya halali ipo. Wao wenyewe wataifungua injini, waikague ndani, wakikuta ni nzima wakwangue ile rangi na kuweka alama zao, na waranti ianze bila kuficha kitu.

Kwa hiyo usidhani jambo lilijiamulia lenyewe. Nilirudi nalo nyumbani.

Nilimpitia Grisi, fundi wetu wa pale kona. Alinyoosha mikono juu kama aliyekamatwa. "Swali hilo usiniulize mimi, mama. Ukinunua, nimekosa mteja. Usiponunua ikaja kukufia, utasema Grisi alikushauri." Nikamwambia aniambie tu ni kitu gani kinachomletea watu wa pikipiki kama yetu. Akafikiri, akasema ni cheni, ni waya wa klachi, ni beringi za magurudumu, ni breki. Injini, alisema, huwa anaiona kwa wale wasiobadilisha oili, na hao hata waranti ingewakataa.

Nimepima hivi, Shemeji, nawe unisahihishe. Kwa mtu mwingine waranti ile ni kitu kizuri. Mwalimu jirani yetu anafundisha karibu na karakana yao, na hajui hata oili inapotiwa. Yeye nimemwambia anunue, na amenunua. Lakini sisi kinachotukwamisha kila mara ni vile vya kuchakaa, na kinachotuumiza zaidi ya ubovu wenyewe ni siku ya kukaa bila pikipiki. Waranti haileti shuka mlangoni kwa mteja. Ndugu yako aliliona hilo kabla yangu, ndiyo maana alifungua bolti ambazo hakutakiwa kuzigusa.

Injini inaweza kufa, sikatai. Ikifa nitakaa chini nilie kama yule kijana alivyosema, kisha nitafute njia. Hofu hiyo nimeamua kukaa nayo.

Na la mwisho, ambalo si hoja, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Sikutaka rangi ile ikwanguliwe.

Kwa hiyo hatutainunua. Nimeandika sentensi hiyo polepole kwa sababu yako. Najua kwa nini ulitaka kulipa. Siku ya mazishi ulikuwa kitandani, goti limetoka kupasuliwa, ukamwomba Mapepe ashike simu juu usikie. Tangu siku ile hujanitajia jambo hilo. Lakini nasikia unavyozikata simu haraka, ukishauliza tu kama tunahitaji kitu. Shemeji, sikuhesabu kwamba hukufika. Mapepe aliishika simu ile kwa mikono miwili mpaka udongo wa mwisho, nami nilijua uko pale. Hudaiwi chochote nyumbani kwa ndugu yako.

Ila umeuliza tunahitaji nini, na leo nina jibu.

Tangu juzi nasikia tena ti ti ti. Inakuja asubuhi injini ikiwa ya baridi, ikipata moto inapotea. Mapepe anasema ni masikio yangu. Anaiendesha vizuri kuliko baba yake, hilo nalisema tu kwa kuwa marehemu hanisikii, na sanduku la vifaa ni lake sasa, spana zote amezipanga kwa ukubwa. Amemtazama baba yake mara nyingi. Asichonacho ni mtu wa kumwambia, sauti yenyewe ndiyo hii, ile nyingine iache. Mlikuwa wawili tu mnaoijua, na mlijifunza pamoja kwenye ile pikipiki ya kwanza ya baba yenu, iliyokuwa ikiwaka kwa kusukumwa na matusi.

Jumapili asubuhi, wakati wenu uleule wa kupigiana kila wiki, tutakupigia. Najua simu yako siku hiyo imekuwa kimya kama yetu. Mapepe ataiwasha ikiwa ya baridi, mimi nitaiweka simu juu ya kigoda karibu na injini, mahali alipokuwa akiiweka ndugu yako ili usikie. Wewe sikiliza tu. Ukisema ni masikio yangu, nitakubali na Mapepe atanicheka mwezi mzima. Ukisema ifunguliwe, basi mwelekeze hatua kwa hatua, na umgombeze akikosea kama ulivyokuwa ukimgombeza baba yake. Usimwonee huruma. Tafadhali usikate haraka.

Nisalimie Mama, mwambie miwani inampendeza. Wasalimie mapacha, na bwana harusi na mkewe. Grisi naye anakusalimu, anasema ukipona goti uje umlipe mteja utakayemnyang'anya Jumapili. Mungu akunyooshee hatua, na awape nyote afya na usingizi mwororo hadi tutakapoonana uso kwa uso.

Dada yangu, mkeo, mbusu mashavu yote mawili. Mwambie rangi ile ya harusi nimeipata tena dukani, nyekundu ileile. Nimeiweka dirishani chumba cha pasi, inaonekana tangu mlangoni. Mapepe akiihitaji Jumapili, hatakuwa na haja ya kunituma sabuni.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Mama Mapepe.